Akina Sidi Charo Wawili

Mwezi uliopita nilikwenda Ganda kutoa mkono wa pole kwa watoto wa Mzee Kitsao. Nilifika amekwisha kuzikwa. Nilikaribishwa kiti cha plastiki chini ya turubai, nikaletewa wali kwa maharagwe na chai iliyokolea tangawizi, na binti yake wa mwisho, mwanamke wa makamo mwenye sauti ileile ya baba yake, akaja kukaa kando yangu. Aliniuliza kwa adabu, "Shikamoo, bibi. Samahani, wewe na baba mlijuana wapi?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja kwenye kliniki ya macho, zamani, mwaka mmoja tu. Alifurahi sana. Alisema baba yake hakupata kuipenda kazi nyingine kama ile, na kwamba mpaka uzeeni alikuwa akiwataja wagonjwa wake mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini aliiacha. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikajibu kwamba sikumbuki vizuri, ni mambo ya zamani mno. Uongo mtupu. Nimeshapita miaka hamsini, nasahau miwani yangu nimeiweka wapi na nasahau nimeswali rakaa ngapi, lakini mwaka ule naukumbuka siku kwa siku, na kwa kuwa mdomo wangu ulikataa kusema mbele ya yule binti, nauandika hapa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa Shela, Malindi, nimerudi kutoka Mombasa na cheti cha kompyuta ambacho mama alikitia kwenye fremu akakitundika juu ya redio. Kliniki ile haipo tena, na jina lake halina faida kulitaja. Iliendeshwa kwa misaada ya watu wa ng'ambo, na kazi yake kubwa ilikuwa mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni za wazee mpaka wasione mkono wao wenyewe. Sisi tulikuwa na wauguzi na dawa za matone tu. Daktari wa upasuaji alikuja mara moja kwa mwaka, akakaa wiki moja, akapasua macho ya watu aliowaweza, akaenda zake. Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima ilikuwa kutengeneza orodha ya watakaopasuliwa wiki ile. Aliyezibwa macho yote mawili alitangulia, mwenye jicho moja zima akasubiri. Orodha hiyo, kabla sijaja mimi, ilikuwa mikononi mwa karani, naye ndiye Kitsao.

Chumba chake kilikuwa cha nyuma, kimepakana na stoo. Kilinuka ugoro na karatasi kuukuu. Ukuta mmoja mzima ulikuwa droo za mbao alizochongewa na fundi wa Ganda kwao, na ndani ya droo mlikuwa na kadi za wagonjwa, zimepangwa kwa vijiji: Ganda hapa, Mambrui pale, Adu chini kabisa hata mtu apige magoti kuifikia. Kitsao alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwepesi wa kununa. Ukimsogezea kalamu yake hata inchi moja alijua, na alinuna mpaka adhuhuri. Kadi zake aliziandika kwa mwandiko wa kulala, mzuri kuliko wangu, na hakuishia kwenye jina. Aliandika jina la mtu, jina la baba, mama wa nani, mbari gani, nyumba yake iko wapi, na wakati mwingine mambo yasiyomhusu kabisa, kama "mbishi" au "mbwa wake mkali, piga hodi mbali." Nilipozisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akaninyang'anya kadi.

Kompyuta ilipoletwa, ililetwa pamoja na mashine ya baridi, maana tuliambiwa haiwezi joto. Chumba cha Kitsao kikawa chumba cha kompyuta. Droo zake zikasogezwa, meza yangu ikawekwa katikati, na wafanyakazi wote wa kliniki wakaanza kuja kula humo mchana kwa ajili ya ubaridi. Mimi nilibeba mahamri na mbaazi za mama. Kitsao alibeba muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa vizuri, na kila siku, hata siku aliponuna, alinikatia kipande cha katikati, kile kisicho na mzizi. Nilikula. Nje ya dirisha palikuwa na benchi la wagonjwa, na tulisikia kila kitu. Siku moja nilimsikia bibi mmoja akimwambia mwenziwe, "Mimi nataka kuona jambo moja tu. Huyu mke wa mwanangu ananiambia amefagia. Nataka nione kama kweli anafagia." Benchi zima likacheka, na yule mkaza mwanawe, aliyekuwa amemshika mkono, akacheka kuliko wote. Kitsao akaninong'oneza, "Mekarisa huyo. Wa Adu. Macho yote mawili."

Huko kwao Adu na Ganda, mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na huyu alikuwa mama wa Karisa. Kwenye kadi alikuwa Sidi Charo. Mimi wa mjini nilijua hayo juu juu, kama mtu anavyojua mambo ya jirani. Nilichokuwa sikijui, au sikutaka kukijua, ni namna wanavyorithishana majina. Mjukuu hupewa jina la babu, mjukuu wa kike la bibi, na kila mwana wa mzee huyo hufanya vivyo hivyo nyumbani kwake, hata ukoo mmoja ukawa na akina Charo watatu waliolingana umri, na kila Charo ana Sidi wake. Wenyewe hawababaiki. Wana njia zao za kutambuana, na njia hizo ndizo zilizokuwa zimeandikwa kwenye zile kadi nilizozicheka.

Sasa nije kwenye lile nililolichagua. Mfanyabiashara wa Mombasa alikuja na programu mbili kwenye maboksi, na mkurugenzi wetu, mtu wa bara mwenye haraka ya maneno, akasema kompyuta ina nafasi ya moja tu na mimi ndiye mtaalamu, nichague. Ya kwanza ilikuwa ya kuhifadhi kumbukumbu. Ukiiwasha unaona skrini nyeusi na kidoti cha kijani kinachopepesa, kinangoja amri yako. Haina pambo lolote. Lakini ndani yake ungeweza kumpangia kila mgonjwa namba yake, ukaifundisha nini kinamtofautisha Sidi huyu na Sidi yule, ukaiuliza swali ikakujibu. Ya pili ilikuwa ya kuchora kurasa za skrini. Hiyo ilikuwa tamu! Ilichora visanduku vyenye kivuli, mistari miwili miwili, rangi ya samawati, na kwenye pembe ungeweza kutengeneza picha ya jicho kwa nyota na vistari. Ukijaza ukurasa unaupa jina, unauweka. Nyuma ya uzuri huo hapakuwa na kitu zaidi ya kabati la kurasa.

Kitsao aliyaangalia maboksi mawili yale, hajui kompyuta hata kidogo, akauliza swali moja. "Wakija wawili wenye jina moja, ipi itawajua?" Nikamwambia zote zitawajua. Nilijua si kweli. Ukweli ni kwamba ile ya kwanza niliiogopa. Kule Mombasa somo lake lilinishinda, nilipita kwa kunakili kwa jirani yangu, na kuitumia kungenilazimu kukaa na Kitsao wiki nzima, miye mwenye cheti kwenye fremu, nimuulize yeye mwenye droo za mbao jinsi anavyowapanga watu wake. Tena wafadhili walikuwa njiani kuja kuona kompyuta yao, nami nilitaka waone rangi. Nikaweka mkono juu ya boksi la pili nikasema, "Hii ndiyo ya kisasa." Naona haya kuandika sentensi hiyo. Nilikuwa nimevaa saa mpya siku ile, na nakumbuka niliunyoosha mkono ili saa ionekane.

Nilichora ukurasa wangu kwa siku tatu. Visanduku vitatu: jina, jina la baba, kijiji. Chini yake maelezo ya jicho. Kitsao aliniomba niongeze kisanduku cha mama wa nani. Nikamwambia ukurasa utajaa, utaharibika sura. Basi tukaanza kunakili, yeye anasoma kadi, mimi nabonyeza. Alisoma polepole kwa heshima zote. "Sidi Charo, mama wa Karisa, nyumba ya pili ukitoka kisimani, Adu, macho yote mawili." Mimi nikamkatiza. "Mzee, kompyuta haitaki hadithi. Nipe jina, baba, kijiji." Akasema, "Si hadithi, Bi Salma. Bila haya utamwendea nani?" Nikamwonyesha kwa kidole visanduku vyangu vitatu. Akafunga kadi, akatoka nje kuvuta ugoro wake, na aliporudi alisoma jina, baba na kijiji tu, kwa sauti kavu, kadi baada ya kadi.

Siku ya tatu au ya nne ya kunakili, asubuhi, alisoma, "Sidi Charo, Adu, jicho moja." Nikaandika. Nilipotaka kuuweka ukurasa, programu iliniuliza swali. Ilisema ukurasa wa jina hilo upo, je, niandike juu yake? Kitsao alikuwa ameinama kwenye droo, mgongo umenielekea, anatafuta kadi inayofuata. Nilifikiri amesoma kadi moja mara mbili, maana zilikuwa nyingi na mchana ulikuwa unakaribia. Ningeweza kumuuliza. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu, niseme, "Mzee, huyu si tumeshamwandika?" Lakini asubuhi hiyo tulikuwa tumenuniana, na kumuuliza kungekuwa kumpa ushindi. Nikabonyeza ndiyo. Mama wa Karisa, mwenye macho yote mawili, akafutika, na mahali pake akakaa binamu yake wa jina lilelile, mwenye jicho moja. Sikujua kwamba nimefanya hivyo. Ila nilijua kwamba nimeulizwa, na kwamba nimejibu bila kujua ninachokijibu.

Kisha tukachoma kadi. Mkurugenzi alitaka droo zitoke kabla wafadhili hawajaja, akaniita akaniuliza mbele ya watu kama kila kitu kimeingia salama. Nikasema kimeingia chote. Zilichomwa nyuma ya jiko, saa nne asubuhi, na upepo ulikuwa ukiyarusha majivu kwenye nguo za wauguzi zilizoanikwa. Kitsao hakuja kutazama. Alikaa chumbani kwenye ubaridi, mikono juu ya mapaja, na mimi nilipoingia aliniambia tu, "Mwandiko wa miaka kumi na mmoja ule, mwanangu." Wafadhili wakaja, wakaiona picha ya jicho, wakapiga makofi, wakanipiga na picha.

Wiki ya upasuaji ilipofika, mashine ilichapa orodha yangu, majina na vijiji tu, safi, yenye mistari miwili miwili. Kitsao alipewa aisome na aitie sahihi, maana yeye ndiye aliyekuwa karani. Alipofika Adu alikuta Sidi Charo mmoja, akadhani ni Mekarisa. Aliniuliza, "Mbona Adu ni wachache?" Nikamwambia wenye jicho moja wamewekwa chini. Akatia sahihi. Gari la kliniki likaenda Adu, likauliza Sidi Charo, na kwa kuwa karatasi ya dereva ilisema jicho moja, watu wakamtoa mama wa Thoya, yule binamu, aliyekuwa akiona vizuri tu kwa jicho la pili, wakampakia. Nafasi ilikuwapo mwaka ule, akapasuliwa. Alirudi kwao akicheza njiani, na sina neno naye. Haki yake ilikuwa ifike, ila si kabla ya mwenziwe.

Daktari wa upasuaji aliondoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakula, wote chumbani, mara tukasikia fimbo ikigonga sakafu ya baraza. Mekarisa aliingia ameshikwa na mkaza mwanawe. Alikuwa amevaa nguo mpya, amepakwa mafuta, amefunga kanga ya safari. "Nimeambiwa gari lilikuja Adu likanipita," alisema kwa utulivu. "Nikasema labda ni jua, dereva hakuniona. Nimekuja mwenyewe." Kitsao aliinuka, muhogo ukaanguka. "Mekarisa!" alisema, na sijapata kusikia jina likitamkwa vile. Alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaiangalia skrini yenye picha ya jicho. Alielewa yote pale pale. Nami niliona kwamba ameelewa.

Jumatatu mkurugenzi alituita ofisini kwake. Palikuwa na mashahidi wawili wa kamati ya kliniki, chupa ya chai, na ile orodha katikati ya meza. Alimuuliza Kitsao sahihi ile ni ya nani. Ni yangu, bwana. Nani alimsomea Bi Salma kadi? Ni mimi, bwana. Uliisoma kadi ya mama huyu? "Niliisoma," alisema Kitsao, "siku ya kwanza kabisa, nyumba ya pili ukitoka kisimani." Mkurugenzi akageuka. "Salma, uliiandika?" Nyote mnaosoma hapa mngejibu vizuri, najua. Mimi nilitazama meza. Nilifikiria cheti juu ya redio, na mama, na wale wafadhili walionipiga picha. Nikasema, "Mimi niliandika nilichosomewa. Ambacho hakikusomwa siwezi kukijua." Nilikisema kwa Kiswahili kizuri, sauti ya chini, kama binti mwenye adabu. Kadi ambayo ingeniumbua ilikuwa majivu, na majivu yale niliyaruhusu mimi. Kitsao hakubisha. Alinitazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira, kisha akamwambia mkurugenzi, "Labda mimi nimezeeka, bwana." Aliambiwa apumzike mwisho wa mwezi. Siku ya kuondoka alinifungia kipande cha muhogo kwenye kitambaa akakiacha mezani pangu. Nilikitupa, maana nisingeweza kukila.

Miezi kumi na mmoja ilipita kabla ya daktari kurudi. Mimi nilikuwa nimepandishwa cheo. Niliomba mwenyewe kwenda Adu na gari, nikijiambia nitayatengeneza yote, nitamleta Mekarisa wa kwanza kabisa, jina lake nimeliandika kwa mkono kwenye kiganja. Tulimkuta jikoni kwake, amekaa chini, anapukuchua mahindi kwa vidole, hakosei hata punje. Nilimwamkia, "Shikamoo, hawe," kwa neno lao la bibi nililofundishwa na Kitsao. Aliitikia. Mkaza mwanawe alituambia macho yalimvimba miezi kadhaa iliyopita, yakamuuma vibaya sana, siku nyingi hakulala, kisha maumivu yakaisha yenyewe. Muuguzi aliijua maana ya maneno hayo. Alitoa tochi, akalimulika jicho la kulia, akalimulika la kushoto. "Hawe, unaona mwanga?" Mekarisa akageuza uso huku na huku. "Mwanga gani?" aliuliza. Muuguzi akazima tochi, akanitikisia kichwa. Mwaka jana yangefunguka. Sasa yalikuwa yamekufa, yote mawili, yameuawa na ule ukungu uliocheleweshwa, na hakuna daktari wa kuyafufua.

Muuguzi akatangulia garini. Mimi nilibaki nimechuchumaa mbele yake, kiganja chenye jina lake nimekikunja. Akasema, "Wewe ni wa kliniki? Yule karani wenu alikuja hapa, zamani kidogo. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, jua la mchana. Alinishika mikono akaniambia, Mekarisa, mimi ndiye niliyekupoteza, nimekuja kuomba msamaha. Akalia, mtu mzima yule. Mimi sikumjibu. Macho yalikuwa yananiuma siku hiyo, na roho pia, nikamwacha aondoke hivyo hivyo." Alipapasa chini akapata hindi lingine. "Sasa imekwisha. Wewe si utamwona huko kwenu? Mwambie nimemsamehe. Asikae na jambo moyoni."

Hapakuwa na mtu aliyesikia ila mkaza mwanawe, na ufagio ulikuwa mkononi mwake. Ningeweza kumwambia papo hapo ni nani aliyempoteza. Nikasema, "Nitamwambia, hawe."

Ganda ni mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka mjini. Kitsao aliishi huko miaka thelathini na zaidi baada ya siku ile, akilima muhogo wake, akiwataja wagonjwa wake mmoja mmoja, akidhani hajasamehewa.